Jiwe la Maabara na Ufa wa Ardhini: Mjadala juu ya Modeli za Matetemeko

Tetemeko la ardhi ni tukio la msuguano. Pande mbili za mwamba zinazogusana kwenye ufa husukumwa kwa miaka mingi bila kupishana, kwa sababu msuguano umezishika. Mwamba hupinda taratibu, na siku nguvu inapouzidi msuguano, pande hizo huteleza kwa sekunde chache na nishati iliyokuwa imehifadhiwa husambaa kama mawimbi. Harry Fielding Reid aliyaeleza haya mwaka 1910, kutokana na vipimo vya jinsi ardhi ilivyohama katika tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Siku hiyo ufa wa San Andreas ulipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 400, na mahali pengine upande mmoja ulihama karibu mita 6 kutoka kwa mwenzake.

Reid alieleza kwa nini ardhi huruka. Hakueleza ni nini kinachoamua saa ya kuruka, wala kwa nini ufa mmoja hutambaa kimyakimya huku mwingine ukishikana karne nzima kisha ukaachia kwa kishindo. Swali hilo ndilo linalowagawa watu wanaounda modeli za matetemeko, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa ufa ili kukadiria mtikisiko utakaofika juu ya ardhi. Katika mjadala wao husikika sauti tatu. Ya kwanza ni ya mwanamiamba, anayesugua vipande vya mwamba kwenye mashine na kupima nguvu. Ya pili ni ya mtakwimu, anayehesabu matetemeko yaliyopita na kutafuta utaratibu wake. Ya tatu ni ya mhandisi, ambaye lazima aandike tarakimu kwenye mchoro wa daraja au ukuta wa bandari, na daraja halimsubiri mtu. Wote watatu wanaheshimiana, lakini hawajakubaliana kama kipande cha jiwe kinachoenea kiganjani kinaweza kusema lolote la kweli juu ya ufa wenye urefu wa mamia ya kilomita.

Mwanamiamba huanza na mwaka 1966. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba tetemeko ni kuvunjika kwa mwamba mzima. Dhana hiyo ilikuwa na kasoro kubwa: nguvu inayotakiwa kuvunja graniti nzima iliyobanwa kilomita kadhaa chini ni kubwa mno ikilinganishwa na upungufu mdogo wa mkazo unaoonekana katika matetemeko halisi. William Brace na James Byerlee, katika chuo cha MIT nchini Marekani, waliibana graniti kwa shinikizo kubwa wakaona kwamba ikishapasuka haitelezi kwa ulaini. Hushika, huachia, hushika tena, kama mlango wa mbao unaolia kwenye bawaba, na kila inapoachia hupoteza sehemu tu ya mkazo iliokuwa nao. Walipendekeza kwamba hivyo ndivyo matetemeko yanavyotokea: nyufa za zamani huteleza upya. Tangu hapo msuguano ukawa kiini cha somo zima.

Mwaka 1978 Byerlee alikusanya vipimo vya miamba ya aina nyingi na kuonyesha jambo la kushangaza. Kizigeu cha msuguano, yaani uwiano kati ya nguvu inayotelezesha na nguvu inayobana, huangukia kati ya 0.6 na 0.85 kwa karibu miamba yote, iwe graniti, iwe chokaa, iwe mawe ya mchanga. Ni baadhi ya madini ya udongo mfinyanzi tu yanayokiuka kanuni hiyo.

Mtakwimu hulishika tokeo hili kama ushindi wake. "Ikiwa miamba karibu yote inasuguana sawa," husema, "basi maabara imekwisha kusema la kwake. Tarakimu moja isiyobadilika haiwezi kueleza kwa nini ufa huu umetulia na ule umeachia. Kilichobaki ni kuhesabu." Hoja hii ni nzito, na kwa miaka kadhaa haikuwa na jibu la kutosha.

Jibu lilitoka Menlo Park, California, kwenye Shirika la Jiolojia la Marekani. Katika miaka ya 1970 James Dieterich alionyesha kwamba msuguano wa mwamba hutegemea yaliyopita. Nyuso mbili zikikaa zimegusana bila kusogea, mshiko wake huongezeka taratibu kadiri muda unavyopita. Zikianza kusogea, mshiko hufuata kasi ya sasa pamoja na historia ya mguso. Andy Ruina aliiweka hoja hiyo katika umbo kamili la hesabu mwaka 1983. Mabadiliko yenyewe ni madogo sana: kasi ikiongezeka mara 10, msuguano hubadilika kwa asilimia chache tu, au hata chini ya hapo. Ila kinachoamua si ukubwa wa mabadiliko. Kinachoamua ni iwapo msuguano unapanda au unashuka. Mwamba ambao msuguano wake hupungua kasi inapoongezeka unaweza kujiachia wenyewe, kwa kuwa kuteleza kidogo hupunguza mshiko, na mshiko uliopungua huzidisha kuteleza. Mwamba ambao msuguano wake huongezeka hujizuia, na ufa wa aina hiyo hutambaa milimita kwa milimita bila kutikisa chochote.

Kanuni hii ina matunda mawili ambayo mtakwimu mwenyewe huyakubali. La kwanza linahusu kina. Graniti yenye maji ikipashwa joto maabara hadi kupita nyuzi 350 hivi za Selsiasi, huhama kutoka kundi la miamba inayojiachia kwenda kundi la miamba inayojizuia. Katika sehemu kubwa ya California joto hilo hupatikana kwenye kina cha kilomita 15 hivi, na hapo ndipo matetemeko mengi ya jimbo hilo yanapokoma. Kina hicho huingia moja kwa moja katika kila modeli, kwa sababu eneo la ufa linaloweza kuteleza ndilo linalopanga ukubwa wa juu kabisa wa tetemeko.

Tunda la pili ni zuri zaidi. Fusakichi Omori wa Japani alikuwa ameonyesha mwaka 1894 kwamba matetemeko madogo yanayofuata tetemeko kubwa hupungua kwa kinyume cha muda, hivi kwamba siku ya kumi hutokea takriban sehemu ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Kwa miaka 100 hiyo ilibaki kanuni ya kuhesabia tu, isiyo na sababu yake. Mwaka 1994 Dieterich aliitoa katika milinganyo ya msuguano. Tetemeko kubwa huongeza mkazo kwa ghafla juu ya maelfu ya sehemu ndogo za nyufa, kila moja ikiwa katika hatua yake ya kuelekea kuachia. Zilizokuwa karibu huachia mapema, zilizokuwa mbali huchelewa, na msuguano unaotegemea kasi na muda huzipanga katika mteremko uleule wa Omori. Anayedhani kwamba takwimu na mekanika ya miamba ni maadui angefaa kuanzia hapa, kwa maana vipimo vya graniti vilieleza kanuni iliyopatikana kwa kuhesabu matetemeko ya Japani.

Mtakwimu, hata hivyo, hajanyamazishwa. Yeye huwapeleka wenzake Parkfield, kijiji kidogo kilicho juu ya ufa wa San Andreas. Matetemeko yenye ukubwa wa 6 hivi yalitokea hapo au karibu na hapo mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, kwa wastani wa miaka 22. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa serikali walitabiri kwamba linalofuata lingekuja kabla ya mwaka 1993, na eneo likazungushiwa vifaa vya kupima mtikisiko, mnyumbuko wa mwamba na mwendo wa ardhi. Tetemeko lilikuja tarehe 28 Septemba 2004. Mtakwimu anakiri kwamba kalenda ilishindwa, kwa kuwa matukio sita ni machache mno kujengea utaratibu. Kisha anageuka: "Vifaa vilikuwa kazini siku hiyo. Maabara hutwambia kwamba jiwe huanza kusogea kidogo kabla ya kuachia. Mbona vifaa havikuuona ufa ukisogea?"

Mwanamiamba hujibu kwamba sehemu inayoanza kusogea inaweza kuwa ndogo sana, labda mita chache au mamia ya mita, nayo iko kilomita kadhaa chini, mahali ambapo kifaa cha juu hakiwezi kuihisi. Mtakwimu haridhiki: dalili isiyoweza kuonekana haimwonyi mtu yeyote. Katika hatua hii mtakwimu ana haki, na inafaa isemwe wazi. Utafiti wa msuguano haujampa mtu yeyote tarehe ya tetemeko. Mwaka 2017 watafiti wa Los Alamos, wakitumia data za majaribio ya Chuo Kikuu cha Penn State, waliifundisha kompyuta kusikiliza kelele ndogondogo za ufa wa maabara na kukadiria muda uliobaki kabla ya kuachia. Kompyuta iliweza. Lakini ufa wa maabara huachia tena na tena mbele ya mtafiti, na kompyuta hujifunza kutokana na marudio hayo. Ufa halisi unaweza kuchukua karne kadhaa kurudia mara moja.

Ubishi mkali zaidi ni ule wa ukubwa. Katika majaribio ya kawaida, msuguano hushuka kutoka kiwango chake cha juu hadi cha chini baada ya nyuso kusogea mikromita chache au makumi ya mikromita. Mawimbi ya matetemeko makubwa, yakisomwa kinyumenyume, mara nyingi hudai umbali wa makumi ya sentimita, wakati mwingine hata mita nzima. Tofauti hiyo ni ya maelfu ya mara. Modeli ikilishwa tarakimu za maabara bila kubadilishwa, huhitaji kuugawa ufa katika vipande vidogo mno, na hata kompyuta kubwa huelemewa. Ndiyo maana waundaji wa modeli kwa muda mrefu walikuza tarakimu hizo hadi hesabu iende, jambo ambalo mtakwimu huliita kukisia kwa lugha ya fizikia.

Watu wa maabara wamelijibu shtaka hilo kwa njia pekee inayofaa, yaani kwa kupima mawe makubwa zaidi. Dieterich mwenyewe alikuwa na pande la graniti lenye urefu wa mita 2. Huko Tsukuba, Japani, watafiti waliweka mapande makubwa ya gabro kwenye meza ya mitikisiko, ile inayotumika kujaribia majengo, na kuyasugua kwa kasi. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba uso wa urefu wa mita huanza kulegea kwa kasi ya kazi ya msuguano iliyo ndogo mara 10 hivi kuliko ile inayolegeza uso wa sentimita. Sababu ni kwamba uso mkubwa hausuguani sawasawa kila mahali: unga wa mwamba hujikusanya katika mabaka, mabaka hayo hubeba mkazo mkubwa, nayo hulegea kabla ya mengine. Kwa hiyo ukubwa kweli hubadilisha jibu, kama mtakwimu alivyoshuku, lakini hulibadilisha kwa sababu inayoweza kupimwa na kuingizwa katika hesabu.

Nyuma ya mabishano haya kulikuwa na fumbo la joto. Ufa wa San Andreas ukiteleza kwa kizigeu cha 0.6, kwa mamilioni ya miaka, msuguano wake ungezalisha joto la kutosha kuonekana katika visima vilivyo kando yake. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1969, na vingine vingi zaidi vya Arthur Lachenbruch na John Sass mwaka 1980, havikuona joto hilo. Basi ama ufa huo ni dhaifu siku zote, ama huwa dhaifu kwa sekunde zile tu unapoteleza kwa kasi. Mashine za wakati huo hazikuweza kuamua, kwa kuwa zilisogeza mawe mikromita chache kwa sekunde, ilhali ufa katika tetemeko husogea karibu mita 1 kwa sekunde.

Toshihiko Shimamoto wa Japani alilitatua tatizo la kasi kwa kuachana na kusukuma na kuanza kuzungusha: vipande viwili vya mwamba hubanwa ncha kwa ncha, kimoja kikazunguka kwa kasi ya tetemeko kwa umbali wowote unaotakiwa. Mashine za aina hiyo zikaenea, ikiwemo moja kubwa ya taasisi ya jiofizikia ya Italia mjini Roma. Mwaka 2011 Giulio Di Toro na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio mengi na picha ikawa moja. Kasi inapokaribia mita 1 kwa sekunde, msuguano wa karibu kila mwamba huporomoka hadi 0.3, hadi 0.1, na mara nyingine chini ya hapo. Njia za kuporomoka ni kadhaa. Ncha ndogo zinazogusana hupata moto wa ghafla na kulegea. Maji yaliyo katika vinyweleo vya mwamba hupashwa joto, hutanuka, na shinikizo lake huzitenganisha nyuso. Mwamba wenyewe unaweza kuyeyuka, na ukipoa huacha mishipa myeusi kama kioo ambayo wanajiolojia huitambua katika nyufa za kale. Kizigeu cha Byerlee kilikuwa sahihi kwa ufa unaoanza kusogea. Kwa ufa uliokwisha kushika kasi hakikufaa tena.

Swali la kama San Andreas ni dhaifu siku zote lilipata jibu lake kwa uchorongaji. Kati ya mwaka 2004 na 2007 shimo lilichorongwa karibu na Parkfield hadi kuukata ufa kwenye kina cha kilomita 2.7 hivi. Sampuli zilizotolewa zilikuwa na saponiti, madini laini ya jamii ya udongo mfinyanzi, yenye kizigeu cha 0.15 hadi 0.2 hata kwa mwendo wa polepole, na msuguano wake hupanda kasi inapoongezeka. Sehemu hiyo ya ufa hutambaa, na sasa ikajulikana kwa nini.

Hadi hapo mhandisi anaweza kusikiliza kwa adabu na kuendelea na shughuli zake. Lililombadilisha ni tukio la tarehe 11 Machi 2011 kwenye pwani ya Tohoku, Japani.

Chini ya bahari ya Tohoku, bamba la Pasifiki huzama chini ya Japani. Wataalamu walilijua eneo hilo vizuri kuliko karibu lolote duniani. Kwa kipande kilicho mbele ya mkoa wa Miyagi, kamati ya taifa ilikuwa imetoa uwezekano wa asilimia 99 wa tetemeko la ukubwa wa 7.5 hivi ndani ya miaka 30. Lililokuja lilikuwa la 9.0. Ufa uliteleza kiasi cha mita 50 karibu na Handaki la Japani, bonde refu la bahari ambamo mabamba mawili hukutana. Kifaa kilichokuwa juu ya sakafu ya bahari karibu na kitovu kilihama mita 24. Mawimbi ya tsunami yalipita juu ya kuta zilizojengwa kuyazuia, yakafika kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, na watu zaidi ya 18,000 walikufa au kutoweka.

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mchungu, kwa sababu kila upande ulikuwa na sehemu yake. Mwanamiamba humkumbusha mtakwimu kwamba kumbukumbu za karne chache hazikutosha: mwaka 869 tsunami iliyoitwa ya Jogan ilikuwa imeacha mchanga mbali ndani ya tambarare ya Sendai. Mtakwimu naye ana jibu linalouma. "Nani alisema kwamba sehemu ya ufa iliyo karibu na handaki haiwezi kuteleza kwa kishindo? Si ninyi? Si ninyi mliopima udongo laini, mkaona msuguano wake unapanda na kasi, mkaandika kwamba tetemeko likifika hapo litazimika?" Ni kweli. Dhana hiyo ilitoka maabara. Vipimo vyenyewe havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuchukua matokeo ya mikromita kwa sekunde na kuyatumia kwa mita kwa sekunde.

Uchunguzi uliofuata ni miongoni mwa kazi za kijasiri zaidi katika historia ya jiolojia. Mwaka 2012 meli ya uchorongaji ya Japani, Chikyu, ilishusha mabomba yake katika maji yenye kina cha karibu mita 6,900, kisha ikachoronga zaidi ya mita 800 chini ya sakafu ya bahari hadi kuufikia ufa uleule ulioteleza mwaka uliotangulia. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, chini ya mita 5, umejaa smektaiti, udongo mfinyanzi unaoteleza sana. Vipimajoto viliachwa ndani ya shimo kwa miezi kadhaa, vikatolewa mwaka 2013, na vikaonyesha kwamba ufa bado ulikuwa na joto la ziada la sentigredi 0.31 tu. Kutokana na kiasi hicho kidogo cha joto, watafiti walikokotoa msuguano wa wakati wa tetemeko: takriban 0.08. Kohtaro Ujiie na wenzake waliusugua udongo huo maabara kwa kasi ya mita 1.3 kwa sekunde na kukuta mshiko mdogo wa namna hiyohiyo. Njia mbili zisizotegemeana, moja ya joto la chini ya bahari na nyingine ya mashine ya kuzungusha, zilifika karibu mahali pamoja.

Mhandisi huipa tarakimu hiyo uzito kuliko wengine wawili. Urefu wa tsunami hutegemea sana mwendo wa sakafu ya bahari karibu na handaki. Modeli inayouzima mtelezo kabla ya kufika hapo hutoa wimbi dogo, na wimbi dogo hutoa ukuta mfupi. Maabara haikumpa tarehe, na yeye hakuiomba. Alichohitaji kujua ni kitu gani kisifutwe katika orodha ya yanayowezekana, na hilo mwanamiamba anaweza kumwambia.

Mwaka 2013 Hiroyuki Noda na Nadia Lapusta waliliingiza somo hili katika modeli kamili. Waliunda ufa wa kompyuta wenye kipande kinachotambaa, ambacho kwa mwendo wa polepole msuguano wake hupanda, lakini kikisukumwa na tetemeko linalokuja kwa kasi, maji yake hupata joto na mshiko huporomoka. Katika hesabu zao kipande hicho kilitambaa kimya kwa muda mrefu, kikazuia matetemeko mengi, kisha mara chache kikateleza pamoja na jirani zake kwa mita nyingi. Athari yake haikuishia Japani. Kipande cha San Andreas kinachotambaa kimelala kati ya sehemu iliyopasuka mwaka 1857 na ile ya mwaka 1906, nacho kilichukuliwa kuwa kizuizi cha kudumu baina yao. Mtakwimu hana tetemeko hata moja katika kumbukumbu lililopita hapo, na kwa haki anasema hivyo. Mwanamiamba hujibu kwamba kumbukumbu ya karne mbili si ushahidi juu ya jambo linaloweza kuwa adimu kuliko hapo. Ubishi huo ungali hai, na unapaswa kubaki hai hadi sampuli zaidi zitoke chini.

Juu ya maji hakuna ubishi mkubwa. King Hubbert na William Rubey walieleza mwaka 1959 kwamba shinikizo la maji ndani ya mwamba hupunguza nguvu inayobana nyuso za ufa. Kwenye visima vya mafuta vya Rangely, Colorado, kati ya mwaka 1969 na 1973, watafiti walipandisha shinikizo la maji na matetemeko madogo yakaongezeka, wakalishusha na yakapungua. Kiwango cha shinikizo cha kuyaanzisha kililingana na kilichokokotolewa kwa msuguano wa mwamba wa eneo hilo. Ni nadra ardhi yenyewe kukubali kuwa maabara kwa kiasi hicho.

Njia mpya ya kuunda modeli inajaribu kuyaweka haya yote pamoja. Programu iitwayo RSQSim, iliyotokana na kazi ya Dieterich, huupa kila ufa wa California msuguano unaotegemea kasi na muda, huusukuma kwa kasi ya mabamba, na kuuacha utetemeke wenyewe kwa mamia ya maelfu ya miaka ya kompyuta. Mwaka 2018 Bruce Shaw na wenzake walilinganisha matokeo yake na modeli rasmi ya takwimu ya California, UCERF3. Ramani za hatari zilifanana kwa karibu. Mtakwimu huuliza: ikiwa jibu ni lilelile, mashine hiyo kubwa ni ya nini? Mwanamiamba huona kinyume chake: modeli ya takwimu ilihitaji kumbukumbu nyingi na kanuni nyingi zilizorekebishwa kwa mkono, ilhali ile ya msuguano ilifika hapo kwa vigezo vichache, bila kufundishwa ramani hiyo. Hoja ya mwanamiamba ina nguvu zaidi, na thamani yake huonekana pale ambapo kumbukumbu hazipo.

Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni mahali pa namna hiyo. Tetemeko kubwa kuliko yote ya karne ya 20 katika eneo hilo, la ukubwa wa 7.4, lilitokea Rukwa tarehe 13 Desemba 1910, wakati vituo vya kupimia vilikuwa vichache duniani. Kingo za bonde hutengana milimita chache kwa mwaka, kwa hiyo ufa mmoja unaweza kukaa maelfu ya miaka kabla ya kurudia. Nchini Malawi, ufa wa Bilila-Mtakataka una ukingo wa kilomita 100 hivi juu ya ardhi, na orodha ya matetemeko haina hata moja lililoupasua wote. Mtakwimu anayengoja hesabu zake zitimie hapa atangoja vizazi vingi.

Kuna jambo jingine linalozuia kunakili modeli ya California. Matetemeko ya Bonde la Ufa hushuka chini sana: lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilianzia karibu kilomita 40 chini, mahali ambapo kanuni ya graniti yenye maji ingetaka mwamba utambae tu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba gamba la kale la eneo hili ni kavu, na kwa kina chake ni baridi, hivyo hubaki gumu. Miamba iliyochukuliwa Malawi na kusuguliwa maabara kwa joto kubwa inaunga mkono maelezo hayo: ilibaki na nguvu, na iliweza kujiachia kwa joto linalozidi kikomo cha graniti yenye maji. Upande mwingine upo mfano wa Gelai, karibu na Ziwa Natron, Julai 2007. Huko GPS na rada za satelaiti zilionyesha ufa ukiteleza polepole, bila mtikisiko unaolingana na mtelezo wake, kabla magma haijapenya chini yake. Bonde moja lina nyufa zinazoachia kwa kishindo kilomita 40 chini na nyufa zinazoteleza kimya karibu na uso.

Mtakwimu anabaki na pingamizi moja, nalo ni la haki: modeli ya msuguano haiwezi kuhesabu ufa usiokuwa kwenye ramani, na nyufa nyingi za bonde hili zimefichwa na mashapo ya maziwa. Mhandisi naye hataki tarakimu moja iliyovaa sura ya uhakika. Katika hali hiyo modeli huendeshwa mara nyingi: kwa kina cha kilomita 15 na cha 40, kwa ufa unaopasuka kipande kimoja na unaopasuka wote, kwa mwamba mkavu na wenye maji. Hesabu hizo hutoa upana wa mitikisiko inayowezekana, na kila kipimo kipya cha mwamba wa eneo husika huupunguza upana huo au, kama ilivyotokea Tohoku, huupanua.